Saa ya marehemu babu inakimbia nikipanda baiskeli tu. Tatizo ni saa au barabara?

#1 Jirani wa Bahari
Wakuu habari. Nimerithi saa ya mkono ya marehemu babu, ya kutia ufunguo, haina betri. Alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge huku Tanga na saa hii ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu kitandani. Jina la kampuni limefutika kabisa kwa jua, yamebaki maandishi madogo chini: Incabloc, mawe 17, Uswisi.

Sasa kinachonishangaza. Nakaa Mikanjuni, kazi yangu iko Raskazone, na naenda na Phoenix yangu kila siku ya kazi. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, mwendo wa taratibu. Siku hizo saa inakwenda mbele dakika saba, mara nyingine nane. Jumamosi na Jumapili nikiwa nyumbani haikosei hata dakika. Nalinganisha na simu. Ufunguo natia saa kumi na mbili asubuhi kila siku kama alivyonifundisha mwenyewe.

Baiskeli inaikimbizaje saa? Na niendelee kuivaa au niifungie kabatini?

#2 Tairi Bapa
Siti ya mbele. Hiyo saa imezoea kukimbiza watu shambani, ikiona unanyonga pedeli inadhani umechelewa roli call.

#3 BintiPongwe
Mawe 17 ni almasi? Kama ni almasi mkuu acha baiskeli, uza saa, nunua gari.

#4 Kamani17
BintiPongwe punguza tamaa. Ni rubi za kutengenezwa kiwandani, teknolojia ya Mfaransa Verneuil tangu 1902, na bei yake ni ndogo kuliko ya soda. Kazi yake ni kushika ncha za magurudumu zisilike kwa msuguano.

Mleta uzi, mimi ni fundi saa, miaka zaidi ya ishirini mezani. Neno la kuangalia hapo ni Incabloc. Ndani kuna kigurudumu kinachoyumba kwenda na kurudi, ndicho moyo wa saa. Ekseli yake ina ncha mbili nyembamba, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Zamani saa ikianguka ncha inakatika, kwisha habari. Waswisi wa La Chaux-de-Fonds kwenye miaka ya 1930 wakaja na ujanja: jiwe linaloshika ncha likalie springi ndogo yenye umbo la kinubi. Saa ikipata kishindo jiwe linasogea, sehemu nene ya ekseli ndiyo inapokea pigo, halafu springi inarudisha jiwe mahali pake. Kwa hiyo babu yako alinunua saa ya mtu wa kazi. Kuvunjika kwa baiskeli siyo rahisi. Kukimbia ndiyo mjadala.

#5 Mzee wa Phoenix
Baiskeli yako ina dinamo? Kama ina dinamo kesi imeisha. Dinamo ni sumaku, sumaku inakula saa. Mwaka 1988 nilikuwa na saa nzuri, nikaipeleka kwa fundi redio akaiweka juu ya spika. Tangu siku hiyo ikawa inamaliza siku mapema kuliko jua.

#6 Jirani wa Bahari
Mzee wangu shikamoo. Dinamo ipo, imefungwa kwenye uma wa mbele, ila taa iliungua zamani, dinamo sijaigusisha tairi mwaka wa pili huu.

#7 Mzee wa Phoenix
Marahaba. Isipozunguka haizalishi umeme, lakini sumaku ni sumaku hata ikilala. Ing'oe.

#8 Kamani17
Mzee wa Phoenix ana nusu ya ukweli. Ule utepe mwembamba kama unywele unaojikunja na kukunjuka ndani ya saa ukiingiwa na sumaku, mizunguko yake inanatana. Utepe unakuwa kama umefupishwa na saa inakimbia, tena siyo dakika saba tu, inaweza kukimbia hata nusu saa kwa siku. Spika imefanya hivyo kwa watu wengi, na siku hizi makava ya simu yenye sumaku ndiyo yananiletea wateja.

Ila sumaku haiendi likizo Jumamosi! Utepe ukishashika sumaku unabaki nayo mpaka uondolewe kwa mashine. Yeye anasema mwisho wa wiki saa iko sawa. Halafu dinamo iko kwenye uma, mkono uko kwenye usukani, umbali wa kama nusu mita. Hapo kwangu dinamo inaachiwa huru kwa kukosa ushahidi.

#9 Hesabu Kali
Wakuu tupige hesabu kabla hatujang'oa dinamo ya mtu.

Saa nyingi za zamani za aina hii zinagonga mara 18,000 kwa saa (ndiyo, saa inagonga kwa saa, Kiswahili chetu hicho), yaani mara 5 kwa sekunde. Kwa siku nzima ni mara 432,000. Kama dakika saba zote zinaongezeka ndani ya ile saa moja ya kuendesha, basi njiani saa inatembea dakika 67 ndani ya dakika 60. Ni kama inagonga mara 5.6 badala ya 5. Huo ni wazimu. Siyo kosa dogo la saa kuukuu.

Kwa hiyo mawili. Ama njiani kuna kitu kikubwa kinatokea, ama dakika hazipatikani njiani kabisa. Mleta uzi, umewahi kulinganisha na simu unapotoka nyumbani NA unapofika kazini? Na Jumamosi huwa unaivaa au inalala mezani?

#10 Jirani wa Bahari
Hapo umenishika. Nalinganisha usiku tu nikirudi. Na wikiendi huwa siivai, inakaa juu ya kabati.

#11 Tairi Bapa
😂😂 Kumbe wikiendi saa inapumzika! Tumebishana namba nane zote bure.

#12 Hesabu Kali
Umeona? Unalinganisha saa iliyolala chali kabatini na saa iliyoko mkononi kutwa nzima. Baiskeli inasingiziwa.

#13 JaBondo
Niwasalimu kutoka Kisumu. Kuna jambo mmeliruka: ufunguo. Ukishika usukani, hasa ule ulionyooka, kifundo kinakunjwa nyuma na ule ufunguo wa saa, kile kitufe cha pembeni, unadungwa na mgongo wa mkono. Mimi nilikuwa na alama nyekundu hapo kila siku nikidhani ni upele. Ufunguo uliolegea unavutika kidogo, halafu kila ukibonyezwa unazunguka na akrabu zinasogea. Saa yenyewe haijakosea, wewe ndiye unaitega upya bila kujua! Vaa mkono wa kulia wiki moja, ufunguo utaelekea kwenye kiwiko.

#14 Kamani17
JaBondo hii nimeipenda. Saa za zamani shimo la ufunguo limelika, zinavutika kirahisi. Swali langu ni moja: kwa nini zisogee mbele tu kila siku? Kusuguliwa ovyo kungezipeleka mbele leo, nyuma kesho.

#15 JaBondo
Kwa sababu anapanda milima upande mmoja 😀 Sina jibu boss, lakini jaribu halina gharama.

#16 Mjukuu wa Mtambwe
Assalaam alaykum. Mie nipo Maskati, lakini Tanga naijua, hapo baskeli ni nyingi kuliko watu. Nyote mmesahau joto. Chuma kikipata joto kinatanuka, na mkono juani nusu saa si mchezo. Huku kwetu mwezi wa sita saa ya baba ukiivaa nje unahisi inakuunguza. Basi na tabia yake hubadilika.

#17 Hesabu Kali
Mkuu, joto lina athari kweli ila linakwenda upande wa pili. Utepe wa chuma cha kawaida ukipata joto unalegea, saa INACHELEWA, kama sekunde kumi hivi kwa siku kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ndiyo maana Guillaume alipogundua aloi za nikeli zisizosumbuliwa na joto akapewa Nobel ya fizikia mwaka 1920. Jua la Tanga lingemrudisha nyuma.

#18 Mjukuu wa Mtambwe
Ahsante kwa kunisahihisha. Ila mie nishaona saa zikikimbia kwa joto, sitabishana na macho yangu.

Maana babu yangu kule Pemba hizi dakika saba wala zisingemshughulisha. Yeye kila jua likizama anaitega saa yake kumi na mbili kamili, kila siku ya Mungu. Jua ndiyo fundi. Saa ikikimbia mchana, magharibi inarudishwa kwenye mstari.

#19 BintiPongwe
Halafu akrabu ikiwa kwenye 1 tunasema saa saba. Saa ya Tanga inakosea masaa sita kila siku na hakuna aliyewahi kuifungulia uzi.

#20 Tairi Bapa
Sentensi ya mwaka hiyo.

#21 KingaKatanga
Bonjour ba ndugu, mimi niko Lubumbashi, huku baiskeli tunaiita kinga. Nina Seiko 5 ya zamani, ile ya kujipa ufunguo yenyewe kwa kutikisika. Nilifikiri kwenye kinga itajaa sana, barabara zetu mnazijua. Kumbe hapana. Nikiendesha kinga kutwa, usiku inasimama! Siku ninayotembea kwa mguu inafika asubuhi. Ni kwa nini?

#22 Kamani17
Hilo ni rahisi. Ndani kuna uzito wa nusu duara unaohitaji mkono ubembee, kama mtu anayetembea au anayeongea kwa mikono. Kwenye baiskeli mikono imekaa palepale umeshika usukani. Kutikisika kwa barabara ni kufupi mno, ule uzito unatetemeka bila kuzunguka. Na Seiko 5 nyingi huwezi kuzitia ufunguo kwa mkono, kwa hiyo ikishuka imeshuka. Itikise kidogo kabla ya kulala.

#23 Mzee wa Phoenix
Namba 22 nakataa. Mimi nimeendesha Black Mamba toka Mombasa hadi Malindi nikiwa kijana, Seiko mkononi, haikusimama.

#24 JaBondo
Mzee, hiyo safari wasafiri wengine wanaikamilisha kwa siku mbili. Ulilala njiani na uliongea na watu, mkono ukabembea. Kamani17 yuko sawa.

#25 Mzee wa Phoenix
Nililala Kilifi. Lakini niliongea kidogo tu.

#26 Kiroboto
Mnaongelea kukimbia, mimi yangu ilikimbia kweli. Ilikuwa ya baba, mkanda wa ngozi, kila siku jasho. Jasho ni chumvi, linaozesha ngozi na linakula zile pini mbili zinazoshika mkanda. Nikavuka rasta za barabarani kwa kasi, pini ikaruka. Nilisikia "tii" nikadhani ni spoki. Nimefika nyumbani mkono mtupu, nikarudi njia nzima na tochi. Mpaka leo.

Mleta uzi, tafuta mkanda wa kitambaa mrefu mmoja unaopita chini ya saa kwenye pini zote mbili. Pini moja ikikatika saa inabaki inaning'inia. Dakika saba unaweza kuzivumilia.

#27 BintiPongwe
Pole sana Kiroboto. Kuna mtu anapita rasta hizo sasa hivi amevaa ya baba yako.

#28 Jirani wa Bahari
Asanteni wote. Kiroboto nimeshtuka, mkanda wangu ni wa ngozi na ni uleule wa babu. Nabadilisha leo.

#29 Mjukuu wa Mtambwe
Na usiipeleke baharini. Raskazone ni ufukweni, upepo wake una chumvi. Saa za zamani mpira wa kuzuia maji ushakauka na kukatika. Hata ikiwa nyuma imeandikwa haiingii maji, hayo yalikuwa maneno ya wakati huo.

#30 Hesabu Kali
Nimerudi na wazo. Kamani17 nisahihishe. Mleta uzi anatia ufunguo saa kumi na mbili asubuhi, halafu anapanda baiskeli kamani, ile springi kuu inayoipa saa nguvu, ikiwa imejaa kabisa. Kamani ikiwa imejaa kigurudumu kinayumba kwa upana wake wote. Ukiongeza kishindo cha shimo, si kinaweza kupitiliza na kugonga ule uma mdogo wa ndani ya saa upande wa pili na kurudi kabla ya wakati? Kila pigo kama hilo linaokoa sehemu ya sekunde. Saa itakuwa inakimbia NJIANI TU, halafu inarudi kawaida. Hapo ile 5.6 yangu inaanza kueleweka.

#31 Kamani17
Umeniibia jibu nililokuwa nalipika. Hicho kitu kipo, mafundi tunakijua, na ukiweka saa sikioni unasikia inapiga kama farasi. Ila kina sharti: saa iwe na nguvu nyingi kupita kiasi. Saa ya mzee iliyokaa miaka bila mafuta mapya mara nyingi ina shida ya kinyume, mafuta yameganda na kigurudumu kinayumba kivivu. Isipokuwa kama kuna fundi aliwahi kubadilisha kamani akaweka ya saa nyingine, nene zaidi. Hilo nimeliona sana. Mtu anakosa ya saizi anaweka iliyopo.

Mleta uzi, saa imewahi kufunguliwa?

#32 Jirani wa Bahari
Mama anasema ilikatika kamani miaka ya themanini na babu alipeleka Korogwe kutengenezwa.

#33 Kamani17
Ahaa.

#34 Mzee wa Phoenix
Ng'oa dinamo.

#35 Tairi Bapa
Naomba kuchangia kielimu: saa ya mkono ilitengenezwa kwa ajili ya waendesha baiskeli, maana huwezi kutoa saa mfukoni umeshika usukani. Hivyo saa yako iko nyumbani kwao.

#36 JaBondo
Hapana, ilikuwa rubani. Mbrazili Santos-Dumont alimlalamikia rafiki yake sonara Cartier kwamba hawezi kutoa saa mfukoni akiwa angani, akatengenezewa ya mkononi, 1904.

#37 Hesabu Kali
Wote mmechelewa. Fundi saa Breguet aliagizwa saa ya mkononi na malkia wa Naples, Caroline Murat, mwaka 1810. Wanaume walikuwa wanaona ni bangili ya kike mpaka vita vikawafundisha.

#38 BintiPongwe
Kumbe mnavaa vitu vyetu. Endeleeni.

#39 Baridi Kali
Salamu kutoka Groningen, Uholanzi. Huku kila mtu ni baiskeli, barabara za matofali zinatetemesha meno. Navaa saa ya kutia ufunguo ya mwaka 1967, inagonga 18,000 hivyohivyo. Miezi ya baridi iko chini ya koti na glavu na haikosei. Kiangazi iko wazi, inakimbia dakika moja na nusu hivi. Sijui ni joto, ni koti linalopunguza mtikisiko, au ni ile glavu inayozuia ufunguo kama alivyosema JaBondo. Nilishakata tamaa ya kujua, naitega asubuhi naondoka.

Jambo moja: kama akrabu zake zina rangi ya kahawia iliyokuwa ikiwaka gizani, usizikwangue. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu. Kuwaka kumekwisha lakini radiamu haijaondoka, vumbi lake usilivute puani.

#40 Jirani wa Bahari
Zina rangi ya kahawia. Mnanitisha sasa. Nimeiosha mikono.

Wiki hii nafanya jaribio, Ijumaa naleta mrejesho. Nitalinganisha na simu nikitoka na nikifika, siyo usiku tu.

#41 Kiroboto
Naweka kambi.

#42 Jirani wa Bahari
Wakuu, mrejesho mpaka jana. Mkanda mpya wa kitambaa.
Jumatatu, mkono wa kushoto kama kawaida: mbele dakika 6, na karibu zote zilipatikana asubuhi. Jioni nusu dakika tu.
Jumanne, mfuko wa shati: dakika 1.
Jumatano, mkono wa kulia: dakika 5.
Alhamisi, nimetia ufunguo usiku badala ya asubuhi, mkono wa kushoto: dakika 2.

#43 Hesabu Kali
Asubuhi nyingi, jioni chache! Kamani imejaa asubuhi. Na Alhamisi ulipotia usiku zikashuka. Nasubiri mtu wa kupinga.

#44 JaBondo
Napinga. Mfukoni dakika 1, huko hakuna mkono wa kudunga ufunguo.

#45 Kamani17
Na kulia dakika 5, huko ufunguo haudungwi na mgongo wa mkono. JaBondo umejifunga goli. Lakini hata wewe Hesabu: mfukoni kamani ilikuwa imejaa vilevile asubuhi ya Jumanne. Kwa nini moja?

#46 Hesabu Kali
Kifua kinameza kishindo, mkono unakipokea moja kwa moja kutoka kwenye usukani. Mikono ndiyo springi ya kwanza ya Phoenix, kila mtu anajua.

#47 Mzee wa Phoenix
Mfuko wa shati uko mbali na dinamo.

#48 Tairi Bapa
Wallahi mzee huyu haachii 😂

#49 Baridi Kali
Barabara ya asubuhi na ya jioni ni ileile? Mimi huwa nakwenda kwa njia ya mkato na kurudi barabara kuu.

#50 Jirani wa Bahari
Asubuhi napita vichochoroni nikimpeleka mtoto shule, kuna mashimo. Jioni napita lami.

#51 Hesabu Kali
Mkuu hilo ulipaswa kulisema namba moja!!

#52 Kamani17
Ilete saa, au mpelekee fundi aliye karibu nawe, afungue, asafishe, atie mafuta, aangalie kamani ina upana gani. Mengine yote haya ni kupiga ramli.

#53 Jirani wa Bahari
Nilipita kwa fundi mmoja hapa mjini leo mchana. Ameiweka sikioni, akafumba macho, akasema "mzima huyu", akanirudishia bila kuifungua. Hakunitoza kitu.

Na la ajabu zaidi: leo asubuhi tyubu imepasuka, nimemfikisha mtoto shule na kwenda kazini kwa miguu, saa mkononi. Imekwenda mbele dakika nne.

#54 JaBondo
Ulitembea umeikokota baiskeli?

#55 Jirani wa Bahari
Ndiyo, ningeiacha wapi?

#56 Mzee wa Phoenix
Pamoja na dinamo yake.

#57 Kiroboto
Mimi naomba tu kuuliza, tyubu ya 28 siku hizi Tanga mnauziwa shilingi ngapi?